Kupe Aliyeletwa na Ng'ombe Wanne

Nilimwambia mke wangu kwamba nimenunua kupe, na kesho asubuhi ataletwa na ng'ombe wanne. Mama Zawadi akaacha kuchambua mchele, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia.

"Ninavyojua mimi, ng'ombe humbeba kupe bure," akasema. "Wewe umelipa shilingi ngapi?"

Suala la bei nilikuwa nalikwepa tangu mchana, kwa hiyo nikakimbilia kwenye maana ya neno. Nikamweleza kuwa huyu si yule mdudu. Ni Kifaransa, na maana yake ni kitu kilichokatwa. Zamani kule Ufaransa wakubwa walipanda magari ya farasi yenye viti vinavyotazamana. Ukatokea mtindo wa kuondoa kile kiti cha mbele, gari likabaki fupi, la watu wawili wanaotazama waendako. Nadhani aliyeanza alikuwa amechoka kusafiri na mkwewe. Magari ya injini yalipokuja yakarithi jina: gari la milango miwili, paa linateremka kwa nyuma, na kiti cha nyuma ni cha kuwekea kofia.

"Na sisi tuko watano," akasema Mama Zawadi, akarudi kwenye mchele.

Mimi ni fundi cherehani, niko Isevya hapa Tabora. Kukata ndiyo kazi inayoniweka mjini. Niliposikia kuna gari lililopata jina lake kwa kukatwa, nikajiona kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotelea Kongo. Maradhi yenyewe yaliniingia kupitia simu ya mpwa wangu. Alinionyesha picha moja ya Ford ya mwaka 1932, na mimi nikaomba ya pili, na ya tatu, mpaka bando lake likaisha.

Nikajifunza kwamba Wamarekani wanaopenda Ford hizo huhesabu madirisha. Kioo cha mbele hakihesabiwi. Vioo vya milango miwili na kile cha nyuma, hayo ni matatu. Ukikuta na vidirisha vya ubavuni nyuma ya milango, ni matano. Ile ya madirisha matatu ina maajabu zaidi: bawaba za milango ziko nyuma, mlango unafunguka kinyume na akili. Watu huzifukua kwenye yadi za vyuma chakavu, wanakata nguzo za paa na kulishusha, wanapaka rangi, na kitu kilichokuwa banda la kuku kinageuka mali. Nikajifunza pia kwamba si kila gari la milango miwili ni kupe. Wahandisi wa Marekani hupima nafasi ya ndani kule nyuma: ikiwa chini ya futi za ujazo 33 ni kupe, ikifika hapo au kuzidi ni sedani tu iliyopungukiwa milango. Mtu mzima amekaa akapima hewa ya kiti cha nyuma! Niliwaheshimu sana watu wale.

Baada ya wiki mbili mteja alikuwa hawezi kupimwa suruali kwangu bila kuondoka na somo.

Siku hiyo nilikuwa nimeenda Ipuli kutafuta chuma cha meza ya cherehani. Kwenye yadi ya chuma chakavu, nyuma ya mapipa na kinu cha kukoboa mpunga kilichokufa, nikaliona. Peugeot 504, sisi tunaita Pijo. Halina taa, halina injini, rangi imebaki kumbukumbu. Lakini milango miwili! Na nyuma ya milango, ubavu umenyooka, bati tupu mpaka kwenye buti. Nikahesabu madirisha: moja, mbili, na la nyuma, tatu. Magoti yakalegea.

Sasa, 504 ya kupe si mchezo. Sedani ilitoka mwaka 1968. Kupe ikaonyeshwa Geneva mwaka 1969, imechorwa na Pininfarina wa Italia, bodi zake zikitengenezwa Turin. Na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally kule Kenya na kupe hiyo hiyo, yenye injini ya V6. Haya yote nayajua. Kosa langu ni kwamba niliyasema kwa sauti.

Mzee mwenye yadi alikuwa amekaa juu ya rimu anakula muhogo. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshasema laki tatu, bei ya kilo tu. Nilipofika Italia ikawa laki tano. Nilipomvusha Nicolas mstari wa mwisho, mzee alikuwa amesimama, ameweka muhogo chini, na bei ni laki tisa.

"Bosi, gari kama hii huwezi kuipata Tabora nzima," akaniambia, na hilo nilikuwa nimemfundisha mimi dakika nne zilizopita.

Futi kamba yangu huwa shingoni hata nikiwa msibani. Nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kupe ya 504 ina sentimita 255. Sedani ina 274. Nikasoma: 274. Nikarudia upande wa pili, 274. Nikaikunja futi, nikaiangalia kana kwamba ndiyo yenye kosa. Halafu nikajijibu mwenyewe: gari lina zaidi ya miaka arobaini, limelegea. Hata suruali hutanuka kiunoni ikivaliwa sana.

Jambo la pili lilikuwa milango yenyewe. Gari la milango miwili huwa na milango mirefu, ili wa nyuma wapate pa kupita. Hii ilikuwa mifupi kama ya kabati.

"Mzee, mbona milango mifupi?"

"Italia watu wembamba, bosi."

Nikalipa laki nane na nusu. Ilikuwa pesa ya mashine ya ovaloki, niliyoidunduliza mwaka mzima.

Kesho yake kupe akaingia Isevya. Matairi yalikuwa mawili tu yenye uhai, ng'ombe wanavuta, watoto wanasukuma, mimi nimeshika usukani usiogeuza kitu. Tulipofika nyumbani tukamkuta bwana mifugo wa mtaa anasubiri getini na bomba la dawa mgongoni.

"Watoto wameniambia kuna kupe mkubwa ajabu," akasema. Alipoliona gari alikasirika, lakini kwa kuwa dawa ilishachanganywa, akawapulizia wale ng'ombe.

Na mjomba wangu akaja. Mjomba aliendesha teksi hapa mjini miaka mingi kabla miguu haijamkatalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akalizunguka gari taratibu na fimbo yake, akasimama nyuma. Pijo ya sedani ina buti lililoinama kwa nyuma, linashuka kama mtu anayetaka kukaa. Mjomba akaligonga mara mbili. "Hili tako nalijua."

"Hapana mjomba, hii ni kupe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipotoka tulihubiriwa tupambane na makupe, wanyonyaji. Leo mpwa wangu kamfuata kupe mpaka Ipuli, kamlipa, kamleta na usafiri."

Sikumjibu. Mkubwa hajibiwi, na tena nilimwona ni mtu wa sedani tu.

Gari likakaa chini ya mwembe miezi miwili nikitafuta hela ya fundi bodi. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mwembe umechanua. Niliona nyuki wawili watatu wakizungukazunguka ubavuni, nikafurahi. Nikasema hata wadudu wanajua kitu kizuri.

Jumamosi ya kazi niliwaalika watu. Ndiyo, niliwaalika. Nilitaka waone paa likishushwa sentimita nane kama wanavyofanya Marekani. Fundi bodi alikuja na mtungi wa gesi, grainda, na kijana wa kubeba puti. Mjomba alipewa kiti kivulini. Na pale kibarazani nilikuwa na bwana harusi, amekuja kujaribu suti ya wiki ijayo: kiuno kimeshikwa kwa pini, mikono ya koti nimeipiga bandi tu. Nikamwambia, "Simama hapo hapo usicheze, naja sasa hivi."

Fundi alisema kabla ya paa tusafishe ubavu, kuna kutu. Akaweka grainda. Puti ikaanza kudondoka, si unga, mabonge. Bonge moja lilikuwa nene kama andazi. Fundi akazima mashine, akainama.

"Kaka, kupe wako ana mshono."

Mshono naujua, sikuhitaji kuelezwa. Ulishuka wima kutoka kwenye paa, ukapinda vizuri juu ya gurudumu, ukarudi chini. Na hapo katikati, chini ya puti, kikatokea kitasa. Watu wakanyamaza. Mimi nikasikia sauti yangu ikisema, "Hayo ni mapambo. Waitaliano wanapenda mapambo."

"Ni mlango, kaka. Umechomelewa."

"Ukate tuone," nikasema, kwa sababu aibu ikishafika shingoni mtu huona heri azame.

Fundi akaanza kukata vipande vya welding, kimoja baada ya kingine. Mahali fulani kati ya kipande cha tatu na cha nne tukasikia mngurumo. Wa chini, unaopanda. Mtoto mmoja akapiga makofi: "Injini inawaka!"

Injini haikuwepo. Mlango ukaanguka wote, na ndani yake, kule kinakoshukia kioo, walikuwa wamejipanga nyuki na masega yao.

Sitaweza kueleza yote kwa utaratibu kwa sababu sikuyaona kwa utaratibu. Fundi alirusha grainda na akaruka ukuta ambao mpaka leo akiuangalia hauamini. Bwana mifugo, aliyekuja kutazama tu, alikimbia na kiti. Mimi nilijifunika kitambaa cha suti ya mteja mwingine nikaingia chini ya meza ya kukatia, nikakuta nyuki mmoja ameshawahi. Lakini wa kukumbukwa ni bwana harusi. Nilikuwa nimemwambia asicheze, na kijana wa watu alitii mpaka nyuki wa pili. Hapo akaondoka. Mkono wa kulia wa koti ulibaki kwenye msumari wa mlango, wa kushoto ulidondoka barabarani, na pini za kiunoni zilikuwa zinamchoma kila hatua, kwa hiyo alidhani nyuki wameingia ndani ya suruali. Wanawake wa gengeni wanasema alipita hapo ameishika suruali kwa mikono miwili, anaomba radhi.

Mjomba pekee hakukimbia, hana miguu ya kukimbilia. Alijifunika shuka lake gubigubi, akatulia kama gunia. Hakuumwa hata mara moja.

Jioni alikuja mrina asali na moshi wake. Akatoa nusu ndoo, akachukua fungu lake, akanipa pole. Jicho langu la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, na kwa jicho moja nikashona upya ile suti. Harusi ilifanyika. Picha zipo: mkono mmoja wa koti umepungua kidogo, lakini watu hawauoni kwa sababu wanaangalia shavu la bwana harusi.

Usiku ule, nikiwa nimelala na kitambaa cha maji usoni, mjomba akanywa chai na kusema bila kuulizwa:

"Vitasa vya nyuma vilikuwa vimekufa. Kila kona milango inafunguka yenyewe. Abiria wawili walishuka kabla ya kituo. Ndipo tukaichomelea, madirisha tukaziba bati. Mimi mwenyewe nilishika bati."

Nikafumbua jicho lililobaki. "Mjomba. Ilikuwa teksi yako?"

"Miaka kumi na moja. Niliiuza kwa kilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia tako nalijua."

Siku hizi gari liko pale pale chini ya mwembe. Tulifungua na mlango wa upande wa pili, kwa kuwa haukuwa na siri tena, na Mama Zawadi akatundika mapazia. Ni chumba cha wateja kujaribia nguo, na kwa kweli kule nyuma kuna nafasi nzuri, zaidi ya futi za ujazo 33 kwa macho tu. Mchora mabango aliandika ubavuni, kwa maagizo ya mke wangu na hela ya asali yake: KUPE FASHENI.

Juzi simu ikalia. Mzee wa yadi.

"Bosi, nimekupatia kupe nyingine. Datsun."

Nikanyamaza kidogo. Nyuma ya sauti yake nilisikia nyundo inagonga bati.

"Ina milango mingapi?" nikamuuliza.

"Wewe unataka mingapi?"