Kifo changu, deni la warithi

Mwaka 1927 mwanafalsafa Martin Heidegger wa Ujerumani aliandika kwamba hakuna awezaye kumwondolea mwenziwe kifo chake. Kusema "watu hufa" kwake ni kukikwepa kifo. Anayekubali kuwa kifo ni chake ndiye anayeacha kuishi kwa kufuata mkumbo. Mzanzibari halioni geni hilo. Kila nafsi itaonja mauti, na talakini inaposomwa kaburini anayeitwa ni maiti mmoja tu, ingawa mava yamejaa watu.

Mwanafalsafa wa Ufaransa, Jean-Paul Sartre, alimpinga mwaka 1943. Kifo, alisema, hutoka nje na kukata hesabu kabla haijajumlishwa, wala hakiyapi maisha maana yoyote. Mfano wake ni mtu aliyehukumiwa kunyongwa: anajiandaa kufa kishujaa, kisha homa ya mafua inamuwahi. Hapa Sartre ana nguvu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba na abiria wasiotarajia lolote ila kufika. Wengi hawakuonekana tena. Nani atathubutu kuwaambia jamaa zao kwamba kifo kile kiliyakamilisha maisha yao? Muumini atajibu kuwa yupo Mwenye kujumlisha, lakini Sartre alishaanza kwa kumkana Mungu, kwa hiyo hapo hawakutani.

Sartre ananipoteza pale anaposema maiti huwa windo la walio hai, wamfasiri watakavyo. Tazama maziko yetu. Kabla ya kusaliwa maiti, ndugu husimama mbele ya safu: anayemdai marehemu na aje kwa warithi. Pengine ni pesa ya samaki, pengine mchele wa mkopo. Deni hulipwa kabla urithi haujagawiwa, maana roho ya marehemu inaaminiwa kufungwa nalo. Hao si wawindaji, wamebebeshwa mzigo. (Wapo pia wanaogombea mikarafuu kabla ya hitma. Kufa kufaana, Sartre angewatambua mara moja.)

Heidegger naye aliyaona ya wafiwa kuwa ni ya pembeni, na hapo alikosea: ahadi yangu ikitimizwa na mwanangu, hesabu yangu haikufungwa na pumzi ya mwisho. Ila si kila deni lina mrithi. Pesa ya samaki italipwa. Radhi niliyopaswa kumwomba jirani, nikawa naiahirisha kila Idi, hakuna wa kuniombea kwa niaba yangu, na kwa hilo Heidegger hajajibiwa.