Kabla ya kumfungia mama ntilie, tuangalie beseni lake

Pembeni mwa soko la Kilombero hapa Arusha, mama ntilie ninayekula kwake ana mabeseni mawili chini ya meza. Moja lina maji ya sabuni, la pili ni la kusuuzia. Saa sita mchana unakiona kitako cha lile la pili bila shida. Saa nane maji yana rangi ya mchuzi wa maharage, na sahani bado zinapita humo humo. Si uchafu wake. Maji anayanunua kwa dumu kutoka kwa mwenye toroli, na kila dumu analoongeza linamega faida ya siku.

Naanza na beseni kwa sababu mjadala wa usalama wa chakula mjini kwetu hukimbilia swali moja: kipindupindu kikiingia, wauza chakula wa barabarani wafungiwe au waachwe? Ugonjwa ulipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, halmashauri kadhaa zilipiga marufuku.

Wanaotaka kufunga wasibezwe. Kipindupindu hakingoji vikao: mtu anaweza kuanza kuharisha saa chache tu baada ya kula, na asipopata maji ya chumvichumvi na dripu mapema anaweza kufa siku hiyo hiyo. Aliyebeba vimelea bila dalili anaendelea kupika na kupakua. Cheti cha kupima afya kilichobandikwa ukutani kinaeleza alivyokuwa siku aliyopima, basi. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 imempa afisa afya meno ya kuzuia, naye ana kata nzima ya kuzungukia. Amri ya "funga wote" anaweza kuisimamia. Kukagua mabanda mia kila siku hawezi.

Lakini banda likifungwa, sufuria haiepuliwi. Inahamia nyuma ya gereji, chakula kinapelekwa kwa hotpoti, na vyombo vinaoshwa mahali ambapo bwana afya hapajui. Wapagazi wa soko na makonda wa hiace wanapaswa kula mchana, mlipuko uwepo usiwepo. Na kitaalamu marufuku ya jumla inapiga pasipouma: wali au makande yanayotoka jikoni yakifuka moshi hayaleti kipindupindu, kwa kuwa joto huua vimelea. Hatari iko kwenye kachumbari, tikiti lililokatwa, juisi ya maji yasiyochemshwa, mkono usionawa, na lile beseni la kusuuzia.

Ndiyo maana mimi nasimama na marufuku ya vitu baridi, si ya biashara nzima. Wakati wa mlipuko kachumbari iondoke, matunda ya kukatwa yaondoke, chakula kiuzwe cha moto tu, na ndoo ya bomba ya kunawia iwe na dawa ya klorini. Banda lisilo na maji wala choo cha karibu lifungwe, na hapo sina huruma, hata kama hakuna mgonjwa hata mmoja mkoani.

Kuna jambo ambalo jicho la bwana afya haliwezi kabisa. Mwaka 2016 majirani zetu wa Manyara, pamoja na Dodoma, walikumbwa na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi: wagonjwa 68 walihesabiwa na 20 walifariki. Unga wenye sumu hiyo unaweza kuwa mweupe na kunukia vizuri, na kuupika hakuiondoi. Hapa panahitajika maabara, na tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula kitaifa ulihamia Shirika la Viwango, TBS, kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Wapo wanaoona bora kila kitu kiwe chini ya mamlaka moja yenye vipimo. Nawaelewa kwenye unga na mafuta ya viwandani. Kwenye sahani ya mama ntilie, anayehitajika ni mtu wa kata anayemjua kwa jina na kumpitia mara kwa mara, hasa miezi ambayo hakuna ugonjwa.

AFCON ya 2027 inakuja na Arusha inajenga uwanja. Wageni watakula chips mayai na nyama choma kama sisi. Jiji lililopata mradi wa maji wa shilingi bilioni 520 linaweza kuweka vilula vichache palipo na mabanda. Mbele ya gharama ile, hicho ni kitu kidogo sana.

Kuna siku nilikuwa naendelea kula, mkaguzi mmoja akafika. Kijana mstaarabu, akachuchumaa kabisa kuangalia lile beseni na kumwambia mama abadilishe maji kila sahani kumi. Mama akaitikia, kisha akamuuliza: "Sawa baba, bomba la hapa karibu liko wapi?" Kijana akasimama, akaangalia huku na huku barabarani, akafungua daftari na kuandika.