Ati Ngoma Tu

Siku ya Mashujaa tumekaa juani kutwa, mgeni wa heshima kashika maikrofoni. Kawataja wanaume mmoja mmoja, na baba zao, kisha akakumbuka: "Na akina mama nao walituchezea ngoma, wakatuchangamsha." Makofi. Nyanya yangu, mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyecheza lelemama, ngoma ya wanawake, ujanani, akafyonya hata wa mbele wakageuka.

Walituchezea! Chama cha lelemama kilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, sare, na watu wa kufikisha habari mtaa wa pili kabla ya magharibi. Mheshimiwa, chako kina nini zaidi ya hayo?

Tazameni jirani zetu wa Dar es Salaam. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 1954. Mwaka uliofuata akaja John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Wakababaika. Akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Yeye hakuhangaika na watu mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa ngoma wenzake, na kila kiongozi akaja na watu wake. Kufumba na kufumbua, wanawake wapatao 5,000 wana kadi.

Na wanaume? Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga. Karani akionekana na kadi, kazi hana. Nyerere mwenyewe ilimbidi aache ualimu Pugu. Sasa muuza maandazi atafukuzwa kazi na nani? Mpika pombe je? Mama wa samaki wa kukaanga? Jiko lake, karai lake, bosi ni yeye. Ndiyo maana waliweza kujitokeza mchana kweupe wakati waume zao wananong'ona.

Haya, nakubali: hapa kwetu vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mbwembwe zaidi kuliko kwa siasa. Lakini anayeweza kuutoa mtaa mzima nje kwa ajili ya sare, huyo humwiti mtumbuizaji. Muthoni Nyanjiru, aliyeuawa kwa risasi Nairobi 1922 akidai Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika aliyekamatwa na wakoloni, aachiliwe, hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Baada ya hotuba, pilau. Mheshimiwa akatuma sahani irudi ijazwe.

"Mjazieni," nyanya akasema. "Ni pilau tu."