Jedwali la dozi halimjui mtu wa Lamu

Kila vipimo vya jeni vinapotajwa, jibu huwa kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Kwa simvastatini, dawa ya kushusha mafuta katika damu, wenye jibu hilo wana jedwali mkononi. Badiliko la jeni ya SLCO1B1 linalohatarisha misuli limo katika takriban nakala 15 kati ya kila 100 za jeni hiyo Ulaya, na kusini mwa Sahara ni nakala chache mno. Basi Mkenya atolewe damu ya nini? Jedwali si la uongo. Kosa ni kumtia mtu wa Lamu katika safu ya "Mwafrika", kisha daftari likafungwa.

Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo OATP1B1, inayokaa kwenye utando wa seli za ini, upande unaoelekea damu. Kazi yake ni ya hamali wa gatini: huichukua dawa kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ya ini, kolesteroli inakotengenezwa. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala mbili zilizobadilika ana mahamali dhaifu. Shehena hubaki gatini, dawa kwenye damu ikapanda kupita mara tatu ya kiwango cha mwenye nakala mbili za kawaida, na misuli ndiyo inayolipa.

Inalipa kiasi gani? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 uliwaangalia watu waliomeza miligramu 80 kwa siku. Katika miaka 5, hatari ya kuharibika misuli ilikadiriwa kuwa 0.6 kwa 100 kwa wenye nakala mbili za kawaida, karibu 3 kwa wenye nakala moja iliyobadilika, na 18 kwa wenye mbili. Hiyo 18 inastahili kutazamwa kwa makini. Ni karibu mtu 1 kati ya 6, kidonge ni kilekile na daktari ni yuleyule. Lakini ni namba ya miligramu 80, dozi ambayo Marekani iliamua mwaka 2011 kwamba mgonjwa mpya asianzishiwe. Kwa miligramu 40 hatari yenyewe ni ndogo zaidi, ingawa hata hapo kila nakala iliyobadilika iliizidisha mara 2.6 hivi. Anayeitaja 18 bila kutaja dozi anawatisha watu bure. Anayeitupa kwa sababu dozi imeshuka anasahau kwamba pengo baina ya mtu na mtu bado lipo.

Sasa turudi Lamu. Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale wa pwani, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza, katika visiwa vya Lamu. Kuukeni, asili yao kubwa ilikuwa Afrika. Kuumeni, wengi walitokana na Waajemi. Chembe ya Uhindi nayo ilikuwemo. Baada ya mwaka 1500, Arabuni ikazidi. Vizazi vimechanganyika tena tangu hapo, kila nyumba kwa namna yake. Ndugu wawili wa tumbo moja wa mtaa wa Mkomani, Lamu, wanaweza kurithi nakala tofauti, na hakuna sura, ukoo wala kabila kwenye kadi litakalomwonyesha daktari nani ana ipi.

Jeni ya pili inaifanya hoja iwe nzito zaidi. ABCG2 hutengeneza pampu inayotoa vitu nje ya seli, ikiwemo rosuvastatini, dawa ya jamii moja na simvastatini. Badiliko lake moja, linalopatikana sana Asia Mashariki, huweza kupandisha dawa hiyo kwenye damu zaidi ya maradufu. Pampu hiyohiyo hutoa asidi ya yuriki kupitia utumbo na figo. Ikilegea, asidi hujikusanya na jongo hunyemelea. Maelekezo ya Marekani ya rosuvastatini yanataka "Waasia" waanze na miligramu 5, Mgujarati na Mchina wote safu moja. Mwenye bibi wa Kihindi na babu wa kisiwani Pate aandikwe safu gani?

Upande wa pili una hoja nzuri. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya malalamiko 9 kati ya 10 ya misuli kwa wanaotumia dawa hizi hayakusababishwa na dawa, na kuiacha ovyo hurudisha hatari ya moyo. Tena mara nyingi mkosaji ni mchanganyiko wa dawa. Anayemeza amlodipini ya presha hapaswi kuzidisha simvastatini miligramu 20, na anayepewa erithromisini, ambayo ni antibiotiki, au ritonaviri ya VVU asiitumie kabisa. Hayo hukaguliwa dirishani kwa mfamasia bila gharama. Maumivu ya mapaja yakija na mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa, dawa husimamishwa siku hiyohiyo na damu ikapimwa kreatini kinase, kimeng'enya kinachovuja misuli inapoharibika.

Ukaguzi huo uje kwanza, kila mara. Ila hauwezi kumwona mwenye mahamali dhaifu asiyetumia dawa nyingine yoyote. Huyo hujulikana misuli ikishaumia. Kwake kipimo cha jeni kwa ufito wa pamba unaopanguswa ndani ya shavu kinatosha, mara moja maishani, kwa kuwa jeni haibadiliki. Jibu liandikwe ukurasa wa mbele wa daftari la kliniki, kando ya mzio: SLCO1B1 dhaifu, simvastatini isitolewe, atorvastatini, dawa nyingine ya jamii hiyo, isianze juu ya miligramu 20.