Swali la ndiyo au hapana

Pale soko la Kadutu, hapa Bukavu, humfundishi mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, namna ya kupitia beseni lake. Unamwambia, "Mama, unichagulie zilizokauka vizuri," basi. Kupekua ni kazi yake. Yako ni kusema ipi inafaa.

Nami C++, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, napenda kuiandika hivyo. Maktaba sanifu, yaani zana zilizoandikwa tayari zinazokuja na lugha, inajua kupekua: find_if inatafuta cha kwanza, count_if inahesabu, sort inapanga. Wewe unaipa prediketi tu, yaani swali linalojibiwa ndiyo au hapana, na tangu C++11, toleo la mwaka 2011, unaliandika papo hapo kwa lambda, kipande kidogo cha msimbo kisicho na jina. Wenzangu hapa Bukavu wanashikilia kwamba kitanzi cha for, pale unapoandika mwenyewe kazi irudiwe kwa kila kitu, kinasomeka upesi zaidi. Sikubali. Kitanzi lazima nikisome hadi mwisho ndipo nijue kinataka nini. Nikiona count_if, limebaki swali tu.

Ila swali likiwa bovu, utalia. Nilimwandikia ndugu yangu programu ya madeni ya duka. Ili kuwapanga wadaiwa nikaandika a.deni <= b.deni. Nikajaribu kwa majina 10: safi. Dukani wakaingia wateja 23, wote wana deni lilelile la franka 5,000, programu ikaanguka. Nilishuku kompyuta, nikashuku umeme (na umeme wetu hausingiziwi bure). Kumbe ni ile alama ya usawa.

Sort inauliza: je, huyu anamtangulia yule? Kwa <=, wawili wenye deni sawa kila mmoja anamtangulia mwenzake. Maktaba ya GCC, programu inayougeuza msimbo wa C++ kuwa programu ya kuendeshwa, orodha ya vitu 16 au pungufu huipanga kwa kuchomeka kimoja kimoja, ndiyo maana jaribio langu lilipita. Orodha ikizidi hapo, huchagua kitu kimoja cha kulinganishia, kisha husonga mbele bila kuangalia mpaka, ikiamini kwamba mahali fulani itajibiwa hapana. Swali langu halikujua kusema hapana, ikatembea hadi nje ya orodha. Nikafuta usawa, ikabaki <, duka likafunguliwa.

Jingine ni fupi: prediketi isiwe na daftari lake mfukoni. Algorithimu, yaani hizo find_if, sort na wenzao, inaruhusiwa kuinakili, na hesabu uliyoificha ndani inaweza kuanza upya kwenye nakala. Ukitaka kumwondoa mdaiwa wa tatu peke yake, hapo andika for yako, sitakucheka.