Chemsha, Halafu?

Nyumba niliyokulia pale Uyole, Mbeya, ilikuwa na sheria moja: maji ya kunywa yachemke, yachujwe kwa kitambaa cheupe, ndoo ifunikwe. Tuliogopa taifodi. Mpaka leo ukilalamikia maji, jibu la kwanza ni "chemsha."

Januari, baada ya mvua ya siku tatu, nilipita chini ya dampo moja pembezoni mwa jiji. Kwenye lile rundo kulikuwa kunachuruzika maji ya rangi ya chai ya mkandaa, yenye povu. Hatua chache mbele mama mmoja anaosha figili mtaroni. Nikamwamkia, nikamuuliza kama haogopi.

"Mwanangu, si tunapika?"

Anapika, kweli. Moto unaua vijidudu, lakini bisfenoli A, kemikali ya plastiki inayochuruzika na maji ya dampo, haina uhai wa kuuawa. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Hiyo ndiyo inayotengenezea plastiki ngumu zinazong'aa na utando wa ndani wa makopo. Fthaleti nazo hulainisha mipira ya maji, nyaya na mazulia ya plastiki. Hazijashikamana na plastiki yenyewe, zimelowa tu ndani yake kama mafuta kwenye chapati, na dampo huzikamua polepole, miaka na miaka. Zote mbili huvuruga homoni. Umoja wa Ulaya uliiondoa bisfenoli A kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011.

Juni 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku nilishangilia, na sijutii. Ila tulipambana na plastiki inayoziba mitaro. Zulia lililochakaa linakwenda dampo bila mtu kuguna.

Ndiyo maana nakereka kila bajeti ya taka ikiishia kwenye magari. Gari linanitolea uchafu mlangoni na kwenda kuumwaga juu ya kisima cha mwenzangu! Dampo linajengwa kuanzia chini: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, turubai nene (la plastiki, ndiyo), mabomba ya kukusanya yale maji na bwawa la kuyasafishia. Halafu visima vya jirani vipimwe, majibu yabandikwe ofisi ya mtaa. Kwetu ni milimani, kila kitu kinateremka: huku Usangu kwenye mpunga na Ruaha Mkuu, kule Songwe hadi Ziwa Rukwa.

Yule mama nilimuungisha fungu moja, kwa aibu ya kuondoka hivi hivi. Zile figili zilinyaukia mezani.