Asilimia ya wasio na kazi hailii mapema Nairobi

Uchumi ukianza kudorora, takwimu inayokimbiliwa kwanza ni asilimia ya wasio na kazi. Kwa Kenya ingefaa isomwe mwisho.

Tatizo liko kwenye hesabu yenyewe. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hufuata vigezo vya Shirika la Kazi Duniani: asiye na kazi ni yule ambaye hakufanya kazi hata saa moja katika siku saba zilizopita, ametafuta kazi ndani ya wiki nne, na yuko tayari kuanza. Fundi wa mjengo aliyezoea siku sita kwa wiki, sasa akapata kibarua cha asubuhi moja tu Embakasi, huhesabiwa ana kazi. Karani aliyeachishwa Industrial Area akaingilia mitumba Gikomba ana kazi pia, hata siku asipoambulia nauli. Aliyekata tamaa ndiye hutoka kwenye hesabu kabisa. Chukua nguvukazi (walio na kazi pamoja na wanaoitafuta) ya watu 100, 8 kati yao wakitafuta kazi: asilimia 8. Watatu wakiacha kutafuta, hubaki 5 kati ya 97, yaani asilimia 5.2. Hakuna aliyeajiriwa, lakini kiwango kimeshuka.

Je, basi kipimo hiki ni bure? La. Robo ya pili ya 2020, Nairobi ikiwa chini ya kafyu na watu wakikatazwa kuingia na kutoka, KNBS ilirekodi asilimia 10.4 kwa nchi nzima, kutoka 5.2 robo iliyotangulia. Robo ya tatu ikawa 7.2. Kiliruka kwa sababu safari hii hata pa kujishikiza palifungwa: soko, kibanda, matatu ya usiku. Katika mdororo wa kawaida juakali hupokea waliotemwa na ofisi, na asilimia hukaa palepale huku mapato yakigawanywa kwa watu wengi zaidi.

Ndivyo zinavyopaswa kusomwa pia kazi mpya zinazotangazwa kila mwaka. Za 2024 zilikuwa takriban 782,000, na karibu asilimia 90 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Serikali haidanganyi ikiziita kazi, maana Wakenya wengi hula kwa hizo. Ila idadi hiyo inaweza kupanda kwa sababu biashara imenoga au kwa sababu ofisi zimeacha kuajiri, na yenyewe haisemi ni ipi.

Upande wa ajira rasmi kuna kuchelewa kwa namna nyingine. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi (au kwa mfanyakazi mwenyewe asiye mwanachama) na kwa afisa wa leba, kisha alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ni gharama. Kwa hiyo ovataimu hukatwa kwanza, vibarua wa langoni hawaitwi, mikataba haifanywi upya, na barua za kuachishwa huja mwisho. Hata Marekani, yenye takwimu za kila mwezi, mdororo ulikwisha Juni 2009 lakini ukosefu wa ajira ukafika kilele cha asilimia 10 Oktoba.

Anayetaka dalili za mapema aanze na saa za kazi kwa wiki na idadi ya wanaofanya kazi saa chache kuliko wanazotaka. Kisha aangalie kiwango cha ushiriki katika nguvukazi: kikishuka pamoja na ukosefu wa ajira, hiyo si nafuu. Ripoti za KNBS hutoka zikiwa zimechelewa, hivyo wengi hutegemea faharasa ya PMI ya kila mwezi, inayopima hali ya biashara kwa kuwauliza mameneja wa ununuzi, ambapo chini ya 50 ni kudorora. Lakini PMI huuliza kampuni. Mama mboga wa Kangemi hamo. Ikionyesha ajira zimepanda wakati utafiti wa kaya unaonyesha saa zimepungua, afadhali kuamini saa.